Uzi: Akaunti za watoto kwenye PS moja ya sebuleni, kuanzia kufungua hadi kuzima ugomvi

#1 FundiSakina

Wadau wa Arusha na Moshi, habari zenu. Uzi huu ni wa wazazi wenye PlayStation (PS4 au PS5) sebuleni na watoto zaidi ya mmoja. Maswali yanayoletwa kila wiki yanafanana, basi tuyaweke mahali pamoja.

Matatizo mengi yana chanzo kimoja: mashine inatolewa kwenye boksi, mtoto mwenye haraka anajifungulia akaunti, anaandika kazaliwa 1990 ili apite, mzazi anashtuka miezi mitatu baadaye. Akaunti hiyo mfumo unaitambua kama ya mtu mzima. Unaweza kuiongeza kwenye familia, lakini kama mtu mzima, na mtu mzima hawekewi saa za kucheza wala kikomo cha matumizi. Kwa hiyo utaratibu ni mzazi kwanza, mtoto baadaye.

Fungua akaunti yako kwa barua pepe unayoitumia kila siku na tarehe yako halisi ya kuzaliwa. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na utumie programu ya namba za siri ya kwenye simu, usitegemee SMS. Zile namba za akiba utakazopewa ziandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na risiti ya mashine. Simu ikiibiwa Kilombero sokoni, karatasi hiyo ndiyo itakayokurudisha ndani.

Kisha ingia Settings, halafu "Family and Parental Controls", halafu "Family Management". Kwenye PS4 sehemu hiyo inaitwa "Parental Controls/Family Management". Anayeanza hapo ndiye anakuwa msimamizi wa familia, na cheo hicho hakihamishiki. Kwa hiyo amueni baba au mama kabla ya kubonyeza. Mzazi wa pili huongezwa kama mtu mzima, kisha msimamizi anampa hadhi ya mlezi, naye ataweza kubadilisha mipaka ya watoto. Familia hubeba msimamizi na watu wengine sita.

Mtoto unamwongeza hapo hapo. Kila mmoja anahitaji barua pepe yake ambayo haijawahi kutumika PSN, yaani mtandao wa PlayStation. Tarehe ya kuzaliwa andika ya kweli, maana umri ndio unaopanga mipaka ya kuanzia. Jina la mtandaoni lisiwe jina lake la shuleni wala lisitaje mtaa. Kulibadilisha mara ya kwanza ni bure, baada ya hapo kunalipiwa. Na kumbuka, mtoto akishaingia kwenye familia yako hahamishiki kwenda familia nyingine.

Mashine moja inabeba watumiaji 16. Hakuna sababu ya watoto wawili kubanana kwenye mtumiaji mmoja.

#2 MamaWawili_Njiro

Asante fundi. Nimekwama mwanzo kabisa. Kwenye orodha ya nchi Tanzania haipo. Nichague ipi?

#3 Kiboriloni_Tech

Dada, haipo kweli. PSN haina duka la Tanzania. Watu wengi hapa huwa kwenye duka la Afrika Kusini, Uingereza au Marekani. Angalia mambo matatu kabla hujabonyeza.

Nchi ya akaunti haibadilishwi kamwe. Ukikosea, unafungua akaunti nyingine, na magemu uliyonunua yanabaki kule.

Kadi za zawadi lazima ziwe za duka lile lile. Kadi ya dola haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, hata muuzaji akiapa. Ukinunua kadi, uliza kwanza ni ya nchi gani, na usikubali kukwanguliwa namba kabla hujajibiwa. Kadi za benki za hapa nazo hukataliwa mara nyingi kwa kuwa anwani ya mwenye kadi na nchi ya duka havilingani. Ukikataliwa mara mbili acha, usiendelee kujaribu mara kumi.

Jambo la tatu: akaunti za watoto hukaa duka moja na la mzazi. Ndiyo maana la mzazi ndilo linaloamua yote. Ukichagua Marekani, ujue kule kuna sheria ya 1998 ya kulinda taarifa za watoto walio chini ya miaka 13, na mfumo unaweza kudai uthibitishe kwa njia ya malipo kwamba wewe ni mtu mzima kabla ya kumfungulia mtoto. Asiye na kadi inayokubalika huko hukwama hapo.

Tena fahamu kwamba ukiwa kwenye duka la nchi usiyoishi, siku akaunti ikipata shida hoja yako kwa huduma kwa wateja ni dhaifu. Kwa hiyo usiweke pesa nyingi kwenye pochi ya akaunti. Weka ya gemu unalonunua leo.

#4 FundiSakina

Naongezea kuhusu pesa. Mtoto hana pochi yake. Akinunua, pesa inatoka kwenye pochi ya msimamizi, kulingana na kikomo cha mwezi ulichomwekea. Kiache sifuri. Akitaka kitu, nunua wewe kwenye akaunti yako, naye atakicheza kwenye yake, kwa sababu ya hatua ambayo wengi huiruka:

PS5: Settings, "Users and Accounts", "Other", kisha "Console Sharing and Offline Play". Iwashe ukiwa umeingia kama mzazi.

PS4: "Account Management", kisha "Activate as Your Primary PS4".

Hapo kila mtumiaji wa mashine hiyo anacheza magemu yako, na kama una PS Plus (usajili wa kulipia wa kucheza mtandaoni) nao wanaitumia. Hulipii Plus tatu kwa watoto watatu. Dalili kwamba umeiruka ni kufuli dogo juu ya picha ya gemu kwa mtoto, wakati kwako linafunguka vizuri.

#5 BabaEliya

Wakuu, nimeweka mwisho saa 2 usiku na mtoto bado anacheza saa 5. Nimekagua mara tatu, imeandikwa 2:00 kabisa. Mfumo mbovu?

#6 Kiboriloni_Tech

Mzee wangu, mfumo hauna kosa. Umeuambia saa nane usiku.

Hili lisomwe na kila mtu. Mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Saa 2 usiku yetu ni 20:00. Saa 12 jioni ni 18:00. Saa 3 usiku ni 21:00, saa 4 asubuhi ni 10:00. Ukiandika 2:00 umempa ruhusa hadi saa nane za usiku. Kama mashine inaonyesha saa za AM na PM, saa 2 usiku ni 8:00 PM. Ongeza au punguza sita, na usiandike ukiwa na usingizi.

Kosa la pili limejificha zaidi, nalo ni majira ya eneo. Kwenye mipangilio ya muda wa kucheza kuna sehemu ya kuchagua "time zone". Ukiiacha ifuate nchi ya akaunti, hesabu zinahama:

Umeweka 20:00 na majira ya Johannesburg: kwa Arusha ni saa 3 usiku, maana wao wako nyuma yetu saa moja.

Umeweka 20:00 na majira ya London: ni saa 5 usiku wakati wa baridi yao, na saa 4 usiku wakati wa kiangazi chao, kwa sababu saa zao huzisogeza mara mbili kwa mwaka. Mzazi anaona mwezi wa tatu mambo yamebadilika yenyewe, anamgombeza mtoto asiye na kosa.

Umeweka 20:00 na majira ya New York: kwetu ni saa 10 alfajiri, au saa 9 usiku wakati wa kiangazi chao. Yaani hujaweka kitu.

Chagua Nairobi, GMT+3. Hii haihusiani na nchi ya duka, unaweza kuwa na akaunti ya Uingereza na majira ya Nairobi bila shida. Kumbuka pia dakika za kila siku huanza upya usiku wa manane wa majira uliyochagua. Kwa New York usiku wa manane ni saa 2 asubuhi yetu, au saa 1 asubuhi wakati wa kiangazi chao, kwa hiyo mtoto aliyemaliza saa zake jana jioni atapewa nyingine Jumamosi wakati mnakunywa chai.

#7 BabaEliya

Imekubali. Ilikuwa London na 2:00, makosa yote mawili kwa pamoja. Swali jingine: nimeweka saa moja kwa kila mtoto. Wa miaka 8 muda wake ukiisha, gemu linafungwa kwa wote wawili na kaka yake analalamika kwamba ana dakika 40 zake.

#8 FundiSakina

Hapa ndipo penye utamu wa mada yenyewe.

Gemu ni la aliyelifungua. Wakicheza wawili kwenye skrini moja, mmoja ndiye aliyeingia kwanza na kubonyeza picha ya gemu. Sevu, yaani maendeleo ya gemu yaliyohifadhiwa, zinaandikwa kwake, mpaka wa umri unaoangaliwa ni wake, na akitolewa na mfumo gemu linafungwa pamoja naye. Wa pili ni kama abiria. Kwa hiyo anayelifungua awe mwenye muda mrefu zaidi uliobaki, na kwa kawaida awe mkubwa, mradi gemu lenyewe linamfaa mdogo aliyekaa pembeni. Mfumo hauwezi kujua kwamba wa miaka 8 anatazama gemu la wa miaka 16. Hiyo ni kazi ya macho yako.

Namna ya kuingia wawili: wa kwanza anawasha kontrola yake kwa kitufe cha PS na kuchagua jina lake. Wa pili anawasha ya kwake, inatokea orodha ya watumiaji, naye anachagua jina lake mwenyewe. Asichague la kaka yake. Kwenye PS4 taa ya kontrola inakuonyesha nani ni nani: wa kwanza bluu, wa pili nyekundu, wa tatu kijani, wa nne pinki. Ukiona kontrola mbili sebuleni na moja tu ndiyo inayojibu, mara nyingi ya pili haijachagua mtumiaji, haijaharibika.

Kuhusu muda kuisha, kuna chaguo mbili. Moja inatoa taarifa tu, nyingine inamtoa mtoto kwenye mashine. Ushauri wangu kwa watoto wanaocheza pamoja: taarifa tu, na mzazi asimame. Kumtoa katikati ya mechi kunapoteza kisichosevuliwa na kunamwadhibu asiyehusika.

#9 MamaWawili_Njiro

Hapo kwenye taarifa tu sikubaliani na wewe, fundi. Nyumba ambayo wazazi wote wanarudi saa 1 usiku, nani atasimama? Taarifa inatokea, mtoto anaifuta, anaendelea.

#10 Kiboriloni_Tech

Dada ana hoja. Njia ya kati ni hii: siku za shule weka kutolewa, wikiendi na likizo weka muda mrefu zaidi. Mfumo unakubali kila siku ya wiki iwe na saa zake, si lazima Jumatatu ifanane na Jumamosi. Kwa ndugu wanaocheza pamoja, walinganishe saa ya mwisho. Mmoja akiishia 18:30 na mwenzake 19:00, kila siku kutakuwa na nusu saa ya vita. Wote waishie 18:30, tofauti ya umri uifanye kwenye jumla ya dakika za siku.

Na mabadiliko yako yanahitaji mashine iwe na intaneti ili yaifikie. Bando likiisha, uliyobadilisha kwenye simu ukiwa kazini hayafiki nyumbani hadi mashine iunganishwe.

Kuna programu ya simu ya PlayStation kwa ajili ya wazazi iliyotoka Septemba 2025, inarahisisha kuongeza dakika ukiwa mbali. Lakini kila kitu kinapatikana pia kwenye tovuti kwa kivinjari cha simu, kwa hiyo ikikosekana kwenye duka la programu la simu yako hujapoteza kitu.

#11 Mpwa_wa_Kibosho

Mbona hamjagusa mlango wa nyuma? Mtoto anaingia kwa jina la baba. Hana kikomo hapo.

#12 FundiSakina

Kweli kabisa, na bila kufunga milango hii yote mliyosoma juu ni mapambo. Milango ni mitatu.

Wa kwanza ni akaunti yako. Weka namba nne za kuingilia: PS5 ni "Users and Accounts" kisha "Login Settings", PS4 ni "Login Settings" kisha "Passcode Management". Zisiwe mwaka wa kuzaliwa wala mwisho wa namba ya simu. Ukiziingiza geuza mwili, watoto wanasoma vidole kuliko tunavyosoma magazeti.

Wa pili ni kufungua mtumiaji mpya au kuingia kama mgeni. Mtoto akiishiwa dakika anajitengenezea mtumiaji mwingine papo hapo. Kufunga: PS5 "PS5 Console Restrictions", PS4 "PS4 System Restrictions", zuia kutengeneza watumiaji na kuingia kwa wageni.

Wa tatu ni namba ya kizuizi chenyewe. Kila mashine inatoka kiwandani na 0000. Usipoibadilisha, mtoto anaifungua kwa sekunde tano, maana iko kila mahali mtandaoni. Ibadilishe na uiandike kwenye ile karatasi ya risiti. Ukiisahau, dawa ni kuifuta mashine yote na kuanza upya, hakuna fundi mwenye ufunguo wa siri.

#13 Mpwa_wa_Kibosho

Sasa Desemba? Mwezi wa 12 huku mlimani nyumba ina watoto kumi kutoka Dar na Mwanza. Ukizuia wageni, wajomba wadogo wanacheza kwa jina la nani?

#14 Kiboriloni_Tech

Swali la Mchaga halisi hilo. Usiwaache waingie kwa majina ya wenyeji, Januari utakuta mtoto wako analia kwamba msimu wake umechezwa hadi timu imeshuka daraja.

Mgeni wa kawaida kwenye PS4 ana tabia moja: akitoka, kila alichosevu kinafutwa. Kwa mechi ya mpira ya dakika sita haina shida. Kwa gemu la kujenga au la safari ndefu ni kilio.

Kwa hiyo kabla ya wageni kufika tengeneza watumiaji wawili wa humo humo ndani bila kuwaunganisha na PSN, uwaite Binamu 1 na Binamu 2. Wanabaki kwenye mashine mwezi mzima, sevu zao zinakaa, na magemu yako wanayapata kwa sababu ya ile hatua ya kuifanya mashine kuwa kuu. Watumiaji wasio na akaunti hawafuati mipaka ya familia, bali mipaka ya jumla ya mashine, ile "Default Parental Controls" kwenye PS4. Iweke kwa kumpimia mdogo kuliko wote watakaokuja. Januari wafute.

Hawa hawawezi kununua wala kuongea na watu mtandaoni, na kwa nyumba yenye watoto kumi hiyo ni faraja.

Kontrola: PS5 na PS4 zote zinabeba nne kwa wakati mmoja. Kuunganisha ya jirani, ya PS4 shikilia "Share" na kitufe cha PS hadi taa imwekemweke, ya PS5 ni "Create" na PS. Ukitumia waya na inakataa, badilisha waya kwanza. Waya nyingi za bei rahisi zinachaji tu, hazipitishi data. Na kontrola ya PS4 kwenye PS5 inacheza magemu ya PS4 peke yake. Wengi wanairudisha dukani bure.

#15 dada_Usa_River

Na gemu la Minecraft? Nimefungua akaunti zote za PSN, mtoto anapata ujumbe kwamba hawezi kucheza na wengine kwa jinsi akaunti yake ya Microsoft ilivyowekwa. Microsoft wametoka wapi kwenye PlayStation?

#16 FundiSakina

Dada, kampuni za magemu zina akaunti zao juu ya ile ya PSN, na kila moja ina mipaka yake ya watoto. Kufungua ruhusa PSN hakufungui kwao.

Minecraft ikicheza mtandaoni inadai akaunti ya Microsoft. Ya mtoto iwe kwenye kundi la familia lako la Microsoft, kisha ingia kwenye tovuti ya Xbox (mashine ya magemu ya Microsoft), sehemu ya faragha na usalama, uchague jina la mtoto, uruhusu kujiunga na michezo ya wengi na kucheza na watu walio nje ya mtandao wa Xbox. Ukishahifadhi, mtoto atoke kwenye akaunti ndani ya gemu na aingie tena. Bila kutoka na kuingia, ujumbe unaendelea na utadhani hukufanya kitu.

Lakini kama ni ndugu wawili kwenye sofa moja, hayo yote hayahitajiki. Minecraft inagawanya skrini hadi wachezaji wanne. Wa kwanza anafungua dunia, wa pili anawasha kontrola na kuchagua jina lake. Dunia inahifadhiwa kwa aliyeifungua, kwa hiyo waambie mapema: dunia ya Neema hufunguliwa na Neema. Hapo bando halitumiki na PS Plus haihitajiki. Ukitoka kwenda kucheza na binamu aliye Dodoma, PS Plus inahitajika.

Fortnite ni tofauti. Ni ya bure na haitaki Plus, na inagawanya skrini kwa wawili, ila kila mmoja awe na akaunti yake ya Epic, kampuni yenye gemu hilo. Mtoto mdogo akiandika umri wake wa kweli anapewa akaunti yenye mipaka, utaratibu walioanzisha Desemba 2022. Anacheza, lakini hana kuongea wala kununua hadi mzazi athibitishe kupitia barua pepe. Weka barua pepe yako hapo. Watoto wengine huweka ya pili waliyojitengenezea.

Roblox ipo PlayStation tangu Oktoba 2023 na ina mipangilio yake ya mzazi. Kwa wadogo anza kwa kufunga maongezi. Kuyafungua baadaye hakukusumbui.

#17 BabaEliya

Na umeme ukikatika katikati?

#18 Kiboriloni_Tech

Gemu lililokuwa linaandika sevu wakati huo ndilo lililo hatarini. Mashine ikiwaka, iache ikague diski yake, usichomoe. PS4 ikianza kuwa nzito au kupoteza picha za magemu: izime kabisa, shikilia kitufe cha kuwasha kama sekunde saba hadi usikie mlio wa pili, unganisha kontrola kwa waya, kisha chagua namba 5, "Rebuild Database". Sevu hazifutiki kwa hilo. Usiteleze kwenda zile za chini yake zinazofuta kila kitu.

Sevu za mtoto haziwezi kuhamishwa kwenda kwa mtoto mwingine, zimefungwa kwa mtumiaji. Za PS4 unaweza kuzinakili kwenye flashi. Za magemu ya PS5 haziendi kwenye flashi, zinaenda mawinguni tu, na huko kunataka PS Plus. Kwa maeneo ambayo umeme unayumba, UPS (betri ya akiba) ya VA 650 inatosha PS4 Slim na televisheni ndogo kwa dakika chache za kusevu na kuzima. Usiiache mashine imelala usiku kucha ikidhaniwa imezimwa.

#19 mnunuzi_Himo

Mimi nataka kununua PS4 iliyotumika, muuzaji anasema ina magemu 30 ndani tayari. Hatua hizi zitafanya kazi?

#20 FundiSakina

Muulize imefunguliwaje. Kama ni ile iliyovunjwa mfumo na kubaki na toleo la zamani, magemu yale 30 yanaishi kwa sharti la kutoiunganisha PSN. Ukiiunganisha utadaiwa kusasisha, na ukisasisha yanaondoka. Ukijaribu kukwepa, mashine inaweza kufungiwa. Kwa hiyo familia, saa za kucheza na mipaka ya pesa ya humu ndani huvipati. Unabakiwa na watumiaji wa ndani na namba ya kizuizi. Kwa wa miaka 7 wanaocheza mpira inaweza kutosha, ila ujue unachonunua.

Kama ni ya kawaida, mbele ya muuzaji fanya mambo mawili: jaribu 0000 kwenye vizuizi, kisha ingia "Initialization" na uifute yote kwa njia kamili. Inachukua saa kadhaa, mwambie mapema. Asiyekubali mashine yake ifutwe ana akaunti ya mtu ndani, na siku mwenye akaunti akiifunga akiwa mbali, magemu uliyoyaona yanageuka makufuli.

#21 dada_Usa_River

Kuna wenye Nintendo humu? Dada yangu ana Switch.

#22 Kiboriloni_Tech

Kwa ufupi: Switch ina watumiaji wanane, na kundi la familia ni akaunti nane. Vizuizi vinaendeshwa na programu ya simu pamoja na PIN. Tofauti kubwa na PS ni kwamba muda unahesabiwa kwa mashine nzima, si kwa kila mtoto. Ukiweka saa mbili na mkubwa akazimaliza asubuhi, mdogo akirudi hana kitu. Wagawanye wewe kwa mdomo.

Xbox inafuata familia ya Microsoft, watu sita. Muda ni wa kila mtoto, na mashine ya nyumbani unaweza kuibadilisha mara tano tu kwa mwaka, kwa hiyo usiichezee.

#23 MamaWawili_Njiro

Swali la mwisho. Tukinunua PS5 ya pili kwa ajili ya baba, ninunue magemu tena?

#24 FundiSakina

Hapana, dada. Ile "Console Sharing" iache kwenye mashine ya watoto, japo magemu ni ya akaunti ya mzazi. Kwenye mashine ya baba, aingie kwa akaunti hiyo hiyo iliyonunua. Mwenye akaunti anacheza magemu yake popote alipoingia, na watoto wanayacheza kwa kuwa mashine yao ndiyo kuu. Gemu moja linachezwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Sharti ni kwamba mashine ya baba iwe na intaneti anapofungua gemu. Ikikosa, inamwonyesha kufuli na watoto wanaendelea kucheza.

Wengi hufanya kinyume, wanaiwasha kwenye mashine mpya kwa kuwa ndiyo mpya, kisha wanashangaa watoto wamefungiwa. Ikishatokea, nenda kaiwashe tena kwenye ya watoto. Ukishindwa kuifikia ile nyingine, unaweza kuzizima zote kupitia tovuti, lakini mara moja tu kila miezi sita.